Ngome Chini ya Mfereji

Udongo wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ukichimbwa wakati wa kiangazi hutoa harufu mbili. Juu unanukia samadi na majani ya migomba yaliyooza. Ukizidi kwenda chini harufu hiyo inakoma, inakuja nyingine ya baridi, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji. Hiyo ya pili niliijua nikiwa na miaka kumi, katika likizo ya Januari, kule kwetu mlimani juu ya Kiboriloni. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na mama zetu wakaanza kushuka sokoni kuchagua nguo za mitumba. Namshukuru Mungu kwamba nimeishi hadi kuweza kuyasimulia haya bila kulia.

Mimi na binamu yangu Agnesi tulikuwa na mchezo wetu. Kila mmoja alijenga ngome ya udongo kwenye ukingo wa mfereji wa maji, mahali ulipopita ndani ya kihamba cha jirani yetu, Mzee Teofili, mgane asiye na maneno mengi ambaye hakutufukuza. Watu wa ngome walikuwa vizibo vya soda, ng'ombe walikuwa magunzi, na ghala lilijazwa punje za mahindi. Ngome ikikamilika mwenzako aligeuka adui mwenye mashambulizi matatu: kumwachilia kuku mwenye njaa, kuwasha majani makavu ya mgomba, na kumwaga kopo la maji. Aliyebakiwa na watu wengi ndiye aliyeshinda. Agnesi alipenda kuta ndefu zenye vibendera vya makaratasi ya pipi. Mimi niligundua mapema kwamba kuku huparua kilicho juu tu, kwamba moto hupita bila kugusa kilichofukiwa, na kwamba ukichimba njia ndefu kisha ukainua chumba kidogo pembeni, maji yatapita chini na watu wako watabaki wakavu. Basi kila siku nilichimba zaidi. Mwanzo nilitumia kijiko, kisha jembe lililovunjika mpini.

“Wewe ni fuko,” Agnesi alinicheka. “Siku moja utatokezea Kenya.”

Siku ya nne jembe lilizama. Halikugonga jiwe wala mzizi, lilizama tu, likaniponyoka mkononi, na baada ya muda nikalisikia likianguka mbali chini. Niliingiza mkono hadi begani nikapapasa hewa baridi. Bibi alikuwa ametusimulia mara nyingi kwamba wazee wa zamani walichimba mahandaki marefu ya kujificha na watoto na mifugo wakati wa vita, nasi tulidhani ni hadithi za kutulaza. Nilipiga kelele. Agnesi naye, badala ya kukimbia, akasema sasa ndipo ngome yangu ijaribiwe kwa kweli. Akang'oa bonge la udongo kwenye ukingo wa mfereji.

Mfereji haukuguswa na mtu ambaye si zamu yake, hata mtoto wa kutambaa aliujua mwiko huo. Tulitaka maji ya kopo moja tu. Lakini shimo liliyapokea maji kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa, na halikushiba. Ukingo ukamomonyoka mbele ya macho yetu. Tuliziba kwa mawe, majani na kipande cha mgomba, mpaka juu pakaonekana pazima kabisa. Tukaapiana kunyamaza. Hatukujua kwamba chini maji yalikuwa yanaendelea kupotea.

Kwa siku tatu maji hayakumfikia Mama Kanuti, aliyekuwa chini ya Mzee Teofili, na mboga zake zikalala. Siku ya nne wazee wakakutana kando ya mfereji. Mkubwa wa mfereji, Mzee Deogratias, alisimama mbele ya rafiki yake wa miaka mingi akasema, “Teofili, maji yanafika kwako, hayatoki kwako. Unayapeleka wapi?”

“Sijui,” alijibu Mzee Teofili. “Haki ya Mungu, sijui.”

Wakamwondoa kwenye zamu kiangazi chote. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na miche ya kahawa aliyoipanda kwa mikono yake, imefunikwa kwa majani. Bila maji isingemaliza juma. Hakubisha. Alivaa kofia yake akaondoka, na watu wakamwacha apite kama mtu mwenye ugonjwa.

Wakati ule nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na chakula kilinishinda. Nilimwambia Bibi akiwa anamenya ndizi. Kisu kilimponyoka. “Yesu wangu,” alisema, “mmemfanya Teofili mwizi?” Hakunipiga. Alikata jani la isale kwenye ua, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. Kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Wazee wakaitwa tena, nami nikasema yote mbele yao, kisha nikamnyooshea Mzee Teofili lile jani.

Hakulipokea.

Watu waliguna. Bibi alishika kichwa. Sikuwahi kusikia isale likikataliwa, na nilidhani ardhi itapasuka mara ya pili. “Huyu mtoto nilimsamehe alipofungua mdomo,” alisema Mzee Teofili, naye hakuwa ananitazama mimi. “Amenikosea siku moja, na hakujua. Wewe, Deogratias, unanijua tangu tukichunga mbuzi. Isale lako liko wapi?”

Mzee Deogratias alikwenda kwenye ua akakata jani mwenyewe. Fundo lilimshinda mara mbili. Alilitoa kwa mikono miwili, ameinama, na Mzee Teofili akalipokea akilia. Mchana huo wanaume wote waliteremsha mawe shimoni. Jioni maji yalipita kwake, yakafika kwa Mama Kanuti. Miche michache ilikuwa imekufa, mingi ikapona.

Siku hizi mfereji ule umekauka na maji yanakuja kwa bomba. Yakikatika, kila mtu huwapigia simu watu wa maji kivyake. Mjukuu wangu Neema ana mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome, na juzi nilimuuliza kwa nini anachimba chini sana. Alinijibu bila kuinua macho kwamba kule chini adui hafiki, chakula hakiharibiki, na kuna mawe ya thamani. Nilifurahi, nikamuuliza hapo juu ya shimo lake ni kihamba cha nani.

“Cha nani vipi, Bibi?” alisema. “Hakuna mtu. Niko peke yangu.”

Niliketi kitandani mwake, nikaanza kumsimulia habari za Mzee Teofili, ambaye kihamba chake kilikuwa juu ya shimo langu.