Upanga Ulioganda Mkononi mwa Mke Wangu

Jana asubuhi mkono wangu ulipooza ndani ya TV.

Sitanii. Mimi ni mchomelea vyuma. Geti la kubebwa na vijana wawili nalinyanyua peke yangu huku napiga mluzi. Lakini nilipunga mkono kwa nguvu zangu zote, na ule upanga kwenye kioo ukainuka nusu, ukatetemeka, ukaganda.

Nikarudia. Ukaganda palepale.

Kuganda kule nilikuwa nakujua. Ndiko kulikomkatisha tamaa mke wangu mpaka nikamzika.

Ngoja nieleze, msije mkasema mzee kachanganyikiwa.

Mke wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali wana mashine ya mazoezi, ila iliharibika, wakaifunika shuka kama maiti. Ukiuliza, wakubwa wanakujibu wakiwa kwenye viyoyozi vyao, "Tunalishughulikia." Shule sikwenda sana, lakini neno hilo nalielewa vizuri. Maana yake sahau.

Basi dada mmoja wa mazoezi ya viungo wa hapohapo hospitali akatuletea kwetu gemu lake mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Unashika rimoti kama mpini. Ukipunga mkono, shujaa kwenye TV anapunga upanga vilevile. Kuna askari wa mifupa anakuzuia njia. Akiziba kushoto, sharti ukate kulia. Akiziba juu, ukate kiunoni. Hakuna kubofyabofya, mkono lazima ufanye kazi.

"Mgonjwa unampa mchezo wa watoto?" nilimwuliza.

"Mwache acheze, Baba. Mkono haujui kama huu ni mchezo."

Mke wangu akanogewa! Yule askari wa mifupa akambatiza Bosi, kwa heshima ya bosi wangu wa karakana.

"Njoo uone ninavyomkata bosi wako!"

"Mkate vizuri, nipate likizo."

Tulicheka kama vijana. Na mkono ukaanza kupanda, mpaka usawa wa bega.

Halafu ukagoma.

Upanga unainuka nusu, unatetemeka, unaganda. Bosi anamchapa, shujaa chini.

"Mume wangu, mkono unakufa tena."

"Jikaze."

"Najikaza. Haunisikii."

Siku moja akaiweka rimoti mezani taratibu, kama anarudisha chombo cha jirani. Hakuishika tena. Akawa wa kulala tu, uso ukutani. Kiharusi cha pili kilimkuta hapohapo.

Nikawaka. Baada ya msiba nilikwenda hospitali kumshtaki yule dada, kwamba alimchezea mke wangu badala ya kumtibu. Wakubwa walifurahi! Wamepata wa kumtwisha mzigo. Wakaitisha kikao cha kumfukuza kazi.

Kikao chenyewe kilikuwa jana mchana.

Asubuhi binti yangu alikuja kulifungasha lile gemu tukalirudishe. Akaliwasha kwanza.

"Shika, Baba. Umwone huyo Bosi aliyekuwa anamchekesha mama."

Nikashika. Ndipo mkono wangu ukapooza.

Binti yangu wala hakushtuka. "Betri hizo zimechoka." Akafungua kifuniko cha nyuma cha rimoti, akanionyesha.

Kila betri ilikuwa imekwaruzwa msalaba kwa msumari.

Alama yangu. Karakana yetu ina mikono mirefu, kwa hiyo kila kilicho changu nakikwaruza. Zilikuwa betri za redio yangu.

Mechi ikianza na redio ikikoroma, nilikuwa nachomoa zile nzima kwenye rimoti, narudishia zilizochoka. Mchezo tu, nilijiambia. Mimi niko kibarazani nashangilia mabao. Ndani, mke wangu anadhani mkono wake unakufa.

"Mama alijua?" binti yangu akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Akatia mpya. Nikapunga kidogo tu, kivivu. Upanga ukapita kama umeme, Bosi akasambaratika.

Sijawahi kushinda kitu nikalia vile.

Kikaoni, mkurugenzi alikaa katikati, tai imemkaba. Yule dada alikuwa pembeni, mikono mapajani, macho sakafuni.

"Mzee, rudia malalamiko yako."

Nikaziweka zile betri mezani. Nikasema yote, mpaka mabao niliyoshangilia.

Mkurugenzi akakohoa. "Kwa hiyo unayafuta?"

"Ya huyu nayafuta. Ya mashine yenu mliyoifunika shuka, andika upya. Ingekuwa nzima, mke wangu asingehitaji betri za mtu."

Akaanza kupangapanga makaratasi yake. Ndiyo kazi wanayoijua.

Nikamgeukia yule dada. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Mimi nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Siku ya msiba. Nilifungua rimoti, nikaona msalaba. Nikatazama redio yako, nayo ina msalaba."

Nikakumbuka. Nilimwona siku ile, rimoti mkononi, anaitazama redio, kisha ananitazama mimi. Nilidhani ni aibu ya kosa lake.

"Wanakufukuza kazi, nawe umekaa kimya?"

"Kazi ningetafuta nyingine. Wewe usingizi ungeutafuta wapi?"

Ndio kwanza nautafuta.

Yule dada anasema kiharusi cha pili kingeweza kuja hata kama mkono ungepona. Labda. Lakini mke wangu angeondoka akijua kwamba mkono wake haukumsaliti. Aliyemsaliti alikuwa barazani.

Wakubwa nitaendelea kuwasema, maana mashine bado imelala chini ya shuka lake. Ila nimejifunza hivi: kitu kilichoko mkononi mwa mgonjwa, hata ukikiona cha kitoto namna gani, usikiguse kabla hujamwuliza kinamsaidia nini.

Leo kuna mechi kubwa. Jirani amegonga mlango, anauliza mbona kwangu kimya.

Nimemwambia redio haina betri.