Ésaïe wa Butembo ajifunza kukataa

Saa moja asubuhi, lori limesimama kwenye kizuizi karibu na Mbau, barabara ya Beni kwenda Oicha. Abiria wameketi juu ya magunia ya mpunga. Ésaïe Lusenge, konvoyeri wa lori hilo, yaani msimamizi wa mizigo na abiria, anashuka, anavua kofia na kumwendea mwanajeshi aliyeshika kamba.

Mwanajeshi anasema barabara ni yao. "Uko na haki, mukubwa," Ésaïe anajibu. Mwanajeshi anaongeza kwamba wafanyabiashara wa Butembo wote ni wezi. "Ni kweli kabisa, mukubwa." Kamba inateremshwa, abiria wanashusha pumzi, na lori linasonga, kila mtu na viatu vyake miguuni.

Ni mwaka 2001, na barabara hii hubadilisha wenyewe kama mtu anavyobadilisha shati. Asubuhi kundi hili la wapiganaji, jioni lile. Ésaïe, mwenye miaka thelathini na mmoja, hukubaliana na yote. Hulipwa dola tatu kwa safari, na abiria wake wa Bulengera, mtaa wake wa Butembo, wanajua kwamba bila ulimi wake wangefika kwa miguu, kama wangefika.

Ulimi huohuo ndio uliomponza mwaka jana.

Shule moja ya biashara mjini Butembo huwapima waombaji kwa mjadala: watu sita huketi mezani, hupewa mada, na walimu huwasikiliza. Mwenye lori, Mama Vagheni, ameahidi kumkabidhi Ésaïe bohari yake ya Kirumba akimaliza masomo hapo. Angeachana na vizuizi. Lakini siku ile alimuunga mkono msemaji wa kwanza, akamuunga mkono wa pili aliyempinga wa kwanza, akaendelea hivyo hadi mwisho. Walimu walimwambia hawakujua yeye mwenyewe anafikiri nini.

"Hata mimi sikujua," anasema, akicheka kwa aibu.

Shule hairuhusu kujaribu mara ya tatu. Basi mkewe, Kavugho, mama wa binti yao Bénite, alijitwika kazi ya kumnoa. Kila jioni, wakila ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, alimchokoza ili akatae.

"Papa Bénite, tuuzishe mbuzi ya mama yako."

"Uko na haki, Mama Bénite."

"Donc, basi mama yako atalia."

"Ni kweli, atalia."

Kavugho alicheka hadi akaweka tonge chini. Kisha, anasema, machozi yakamtoka kweli, maana alimkumbuka konvoyeri mmoja aliyebishana kizuizini juu ya baiskeli ya abiria. Huyo hakurudi.

"Bwana yangu hapana muoga," anasema Kavugho. "Ni njia ilimufundisha vile. Na mimi napenda ile mudomo yake, inamurudishaka kwangu."

Jumamosi iliyopita zamu yake ya pili mbele ya walimu ilifika. Mada: barabara ikifungwa, mfanyabiashara apandishe bei ya chumvi? Wenzake watano walikubali apandishe. Luc, kijana mwenye tai aliyezungumza vizuri kuliko wote, alimgeukia. "Ni vile, papa?"

Ésaïe alihisi jibu lake la siku zote likija lenyewe. Akalimeza.

"Uko na haki, mali inakuwa ngumu kupata," alisema. "Mais mimi nakataa. Njia itafunguka, na batu batakumbuka nani alibauzishia chumvi kwa bei ya vita."

Luc alimpinga, mwingine akamtetea, meza ikachangamka.

"Nilisema nakataa, kisha nikangojea akasirike sawa askari wa kizuizi," anasimulia. "Ule kijana akanijibu muzuri, na sauti ya pole. Ni ile tu."

Majibu yatatoka mwezi ujao. Akipita, atasoma, kisha familia itahamia Kirumba. Asipopita, kesho yake atakuwa barabarani, kofia mkononi.

Nyumbani kwao Bulengera, Kavugho anamwita binti yao Bénite, mwenye miaka minne, akaoge. Mtoto ameshika mlango kwa mikono miwili. "Hapana," anasema, kwa mara ya tatu.

Ésaïe hamkaripii. Anamtazama kwa furaha asiyoificha.

"Ninataka akue mahali mutu anasema hapana," anasema, "kisha anarudi kwake kula."