Ami Alipofukizwa Udi

Nikinusa udi, hata ndani ya lifti ya ofisini Al Khuwair, hurudi sebuleni kwetu. Ami, mdogo wake baba, alikuwa akitusomea watoto tamthilia za kale za Kiingereza. "Mwovu humkumbatia mfalme," alitwambia, "kisha hutugeukia sisi watazamaji, akatuonesha lililomo moyoni mwake."

Siku ile baba alikuwa mgonjwa. Ami alimlilia: "Kaka, nyumba hii ntakulindia."

Mama akaleta chetezo mapema. "Jifukize, shemegi." Kwetu udi ukishapita, mgeni huaga.

Ami akafukiza ndevu zake taratibu, akakaa tena. Akamkumbatia baba kwa kwikwi, na juu ya bega lake akanigeukia mimi. Machoni hamna hata chozi. Akatabasamu.