Luteni Amepumzishwa

Ndugu yangu alikufa siku moja ya soko, mwendo wa saa nne asubuhi, akafufuka saa saba kasorobo. Aliyemuua ni mama yetu, kwa simu, na mimi nikamsaidia. Naweza kulisema hivyo sasa kwa sababu nimeshalicheka sana.

Yeye ni kitinda mimba wetu, luteni wa jeshi, na wakati huo alikuwa vitani Somalia. Miezi minane mama alilala na simu kifuani. Siku hiyo nilikuwa dukani kwangu hapa Masii nikipima ndengu, mama akanijia mbio, mguu mmoja hauna kiatu. Alikuwa amepigiwa na askari wa kikosi cha ndugu yangu, laini inakatika-katika, akashika maneno matatu tu: "Mama, luteni amepumzishwa." Basi simu ikazimika, na kila tukipiga haipatikani.

Sasa wewe utauliza, kwani hapo kuna nini? Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani. Mtu akifariki, ndiye husimama mbele kutangaza kwamba Bwana amempumzisha fulani. Kwake neno hilo lina maana moja tu. Na mimi, na masomo yangu yote, nikalipokea vivyo hivyo. Nilipiga nduru soko likanyamaza.

Nisiseme uongo, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kuitamani ile sare tangu utotoni, nikamkasirikia mama kwa kumbariki, nikawakasirikia hata wateja waliosimama na mifuko yao wakinikodolea macho. Kufikia saa sita wanawake wa kanisa walikuwa wameshateka maji, hema limetafutwa, na binamu yetu anauliza kaburi lichimbwe upande gani wa shamba. Sisi kwa mambo ya matanga hatuna mchezo.

Jirani yangu wa duka, mzee Msomali anayeuza mifugo, alikuja kutupa pole. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akakuna ndevu.

"Mama, huyo askari alisema kijana amekufa?"

"Alisema amepumzishwa."

"Usinikasirikie. Lakini mimi ng'ombe zangu zikifika zimechoka, nazipumzisha siku tatu. Na ziko hai. Zinakula."

Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Mimi nilirudia simu. Nilipiga mpaka kidole kikaniuma, na hatimaye ikaita. Yule askari alipopokea sikumsalimu, nilimuuliza tu ndugu yangu yuko wapi.

"Luteni? Si huyu hapa anakunywa chai. Kwani mama hakukuambia? Ametolewa kule mbele, amepumzishwa. Ngoja nikupe."

"Dada, niaje?" ndugu yangu akasema. "Mbona unahema hivyo?"

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kikamba, matusi ambayo mama hakujua kama nayajua, na mama badala ya kunikemea akaninyang'anya simu akamtukana zaidi. Halafu akakaa chini kati ya magunia, akacheka, akalia, akacheka tena. Ngai, Mungu wangu, ule utamu! Yale maji ya matanga tuliyapikia muthokoi, na waliokuja kulia wakala mahindi na maharagwe wakashiba.

Wiki tatu baadaye, aliyechukua nafasi ya ndugu yangu kule mbele aliuawa. Alikuwa luteni kijana kama yeye, kwao ni Masinga. Ndugu yangu alituambia jamaa huyo alikuwa akimtumia mama yake picha ya ngamia kila Jumapili, kwa sababu mama huyo hakuamini kwamba ngamia anaweza kuwa na sura ya dharau hivyo. Ndugu yangu alikuwa nyumbani kwa likizo, akataka kwenda kutoa pole, na hakuweza kwenda peke yake. Tukaenda wote watatu.

Yule mama alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Alimuuliza ndugu yangu umri wake, akamwambia, "Kula, mwanangu, umekonda." Mama yangu alimkumbatia mwenzake kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umeng'ang'ania shati la ndugu yangu na haukutaka kuliachia. Niliona aibu. Nilitaka kumnong'oneza aliachie, lakini nami nilikuwa nimemshika ndugu yangu upande wa pili.