Barabara Nayo Ilianza kwa Shwaya

Jael hakuvuka bahari kutoka Nandi aje kutumikia nyumba mbili. Alikuja Jeddah kwa nyumba moja, ya Madam wa mtaa wa Al-Rawdah, na Ijumaa yake ya mapumziko ya kwenda Kandara, mtaa mwingine wa mji huo, kukaa na wenzake. Lakini dada yake Madam alipohama Riyadh akaja kukaa ghorofa ya juu, ndipo lilipoanza lile neno: shwaya. Kidogo tu. Leo pasi, shwaya. Kesho vyombo, shwaya. Mara mtoto wa kuogeshwa, shwaya. Jael akaitikia yote, maana mgeni hagombani na mwenye nyumba.

Alhamisi Madam akasema, "Kesho pia panda juu. Shwaya."

Jael akatoka uani akaanika nguo kwa hasira, vibanio vikimruka. Dereva wa nyumba, Kyrmen, alikuwa akiosha gari. Huyu ni Mkhasi, wa milima ya kaskazini mashariki mwa India, na Jael humwita Bah, kwa heshima ya kwao, kama kusema kaka.

"Bah, Ijumaa yangu inakwenda."

"Kwetu nako kulianza shwaya," Kyrmen akamjibu kwa Kiarabu chao cha jikoni. "Zamani za babu zetu Mwingereza aliomba barabara tu, apite milimani. Chifu akakubali. Zikaja nyumba zao, wakaja askari, zikavuma habari za kodi. Ndipo wazee wakashika pinde."

"Mkamshinda?"

"Tukashindwa. Lakini tulimsumbua miaka minne."

"Minne tu?" Jael akacheka. "Sisi Wanandi, huyo huyo, kumi na moja. Nyaya zake za simu bibi zetu walizifanya bangili."

"Na wewe Madam umemsumbua siku ngapi?"

Jael akaokota kibanio, akabana nguo ya mwisho.

Ijumaa asubuhi Madam alimkuta mlangoni, mkoba begani.

"Nguo tatu tu, Jael. Shwaya."

"Kesho nitapiga pasi hata thelathini, Madam. Leo ni Ijumaa."

"Basi sikukuu ya Idi, ruhusa mafi, hakuna. Hutoki."

Idi hiyo Jael alikuwa ameingoja tangu mwaka uanze.

"Sawa, Madam," akasema, akatoka.

Garini Kyrmen alimtazama kwenye kioo. "Siku ngapi?"

"Moja."

"Bado miaka kumi na moja, mwanamke wa Nandi."

"Endesha gari, Bah. Yalla."