Karakana Isiyo na Nyundo

Ukitaka kitanda cha harakaharaka, hukuenda kwa Fundi. Ulikwenda barabara kuu, kwa wale wanaopigilia misumari kuanzia asubuhi na kukukabidhi kitanda kinacholia kila ukijigeuza. Kwa Fundi ulikwenda na subira zako, tena ukiwa na kifua cha kuhimili matusi. Karakana yake haikuwa na nyundo. Haikuwa na msumari hata wa dawa. Mbao zake zilishikana kwa kuchongwa ulimi huku na tundu kule, kwa gundi, na kwa skrubu alizozikaza kwa bisibisi ya mkono. Hata patasi hakuigonga. Aliisukuma kwa kiganja, na kiganja chenyewe kilikuwa kimekomaa kama kisigino.

Wateja wageni walishangaa. "Seremala gani huna nyundo?"

"Huyuhuyu uliyemfuata. Ukitaka kelele, kamwalike mama mkwe wako."

Mteja akiwa mtu wa heshima zake alielezwa, lakini kwa sauti ya chini. Fundi alinyoosha kidevu kuelekea kona ya nyuma, alikokaa mtu mwembamba akipiga msasa mguu wa meza. "Ni kwa ajili ya huyo. Mpole. Tulikuwa naye vitani. Akisikia nyundo inagonga, basi tena, kwisha habari yake. Mwaka tuliofungua hapa nilijisahau nikapigilia msumari, akaporomoka chini ya meza ile pale. Ilibidi nimlalie juu kumkinga."

Mpole alisikia yote, maana karakana ilikuwa ndogo, wala hakubisha. Aliendelea na msasa wake na kukohoa. Mteja alimtazama kwa huruma, akalipa, akaenda kusimulia huko nje kwamba kwa Fundi kuna mwanajeshi mmoja kichwa kimeruka. Mtaa ukacheka kidogo, kisha ukazoea.

Ya vitani Fundi hakumsimulia mteja yeyote. Alikuwa seremala wa kikosi, na mwanzoni alitengeneza vitanda, milango ya mahandaki, hata choo cha maofisa. Mwishoni alitengeneza masanduku ya maiti tu, kwa mbao za makasha ya risasi. Mpole alishika kifuniko kisicheze, Fundi akapigilia. Siku moja aliyekuwa ndani ni Redio, rafiki yao, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Fundi alipofika msumari wa katikati alisikia kitu kinagonga kutoka ndani, au alidhani amesikia. Nyundo ikabaki hewani.

"Naomba nifungue niangalie, afande."

Kapteni alikuwa amesimama kando ya lori, injini inanguruma. "Huyo kafa tangu asubuhi. Piga misumari, lori linasubiri."

"Kafa, ndugu yangu," Mpole alimwambia. "Nimemwosha mwenyewe. Kafa."

Fundi akapiga. Aliipiga misumari yote, lori likaondoka, na tangu siku hiyo hana uhakika. Huo ndio mshahara aliorudi nao nyumbani. Wanasema vita ile ilikwisha, ikapigiwa ngoma na barabara ikapewa jina lake. Ilikwisha kwa nani? Kwa Fundi ilihamia kwenye vidole. Ndiyo maana alizipenda skrubu: ukiikaza skrubu, bado unaweza kuifungua.

Kifua cha Mpole kilipozidi, Fundi alimpakia kwenye mkokoteni wa mbao, akamtandikia magunia, akamsukuma mpaka hospitali ya jeshi. Getini wakaambiwa hospitali ile ni ya walio kazini. Ofisi ya askari wa zamani ikawaambia waje wiki ijayo, na wiki hiyo ikawa na wiki ijayo yake. Mwisho daktari wa mtaani akampa Mpole dawa ya kikohozi cha watoto, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Mpole alikufa asubuhi, ameegemea ukuta wa chumba cha dada yake, bila kumsumbua mtu.

Na ghafla akawa wa thamani! Kesho yake gari jeusi lilisimama mbele ya karakana, akashuka Kapteni mwenyewe. Alikwisha kupanda vyeo vingi na kustaafu navyo, sasa alikuwa msemaji wa askari wa zamani, lakini kwa Fundi alibaki Kapteni. Viatu vyake viling'aa juu ya maranda.

"Pole sana, mzee wangu. Tumempoteza shujaa."

"Mmempoteza lini? Alikuwa kwenye kona ile miaka yote, sikumwona mtu akimtafuta."

Kapteni alicheka kile kicheko cha mtu aliyezoea kuwasamehe watu wadogo. "Wewe hubadiliki. Sikiliza, tutamzika kijeshi. Bendera, gwaride dogo, risasi za heshima. Televisheni watakuwepo."

"Risasi hapana."

"Fundi..."

"Nimesema hapana! Mtu alikuwa havumilii hata nyundo, leo mmfyatulie bunduki juu ya kichwa? Alipokuwa anahitaji dawa mlikuwa wapi? Sasa mnakuja kumvisha kilemba cha ukoka ili mwonekane kwenye televisheni!"

"Maiti hasikii," alisema Kapteni kwa upole.

Fundi aliiweka patasi mezani polepole, kwa sababu aliiogopa mkononi mwake. "Hivyohivyo ndivyo ulivyosema siku ile."

"Siku ipi?"

Wala hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kabisa, uso wake ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Fundi angemwelewa mtu anayedanganya. Huyu alikuwa amelala usingizi wake mtamu miaka yote hiyo.

"Uamuzi ni wa ndugu zake," Kapteni alisema akirudi garini. "Dada yake akikataa, tutaweka bunduki chini. Wewe, samahani, si ndugu yake."

Fundi hakufunga hata mlango wa karakana. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake Mpole, mama mmoja mpiga pasi, mjane, aliyekuwa anaishi chumba na ukumbi nyuma ya soko. Alimkuta amesimama mezani, pasi ya mkaa mkononi, akinyoosha shati jeupe la marehemu. Waombolezaji walikuwa nje.

"Shikamoo, kaka. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kwa jambo moja. Nenda ukamwambie yule Kapteni hakuna bunduki. Wewe ndiye dada, watakusikiliza. Mpole alikuwa hawezi."

Akaiweka pasi kando. Akanyoosha kidole juu. "Tazama mabati."

"Nimekuja na msiba wewe unanionyesha mabati?"

"We tazama tu. Misumari hiyo kapigilia nani?"

Fundi alitazama, na useremala wake ukamshinda. "Sijui, ila ana njaa huyo. Nusu imepinda."

"Ni kaka yangu. Kabla kifua hakijamlaza kitandani. Siku nzima yuko juu ya paa anagonga na kupiga mluzi. Na lile banda la kuku ni yeye. Kaka yangu hakuwahi kuogopa nyundo."

"Unasema nini wewe?"

"Siku ile karakanani, aliyekuwa anapigilia msumari ni yeye. Aliyeanguka ni wewe. Yeye ndiye aliyekulalia juu. Ulipozinduka ukamwuliza, 'Umepona, Mpole?' Akaona ajibu tu kwamba amepona."

"Mwongo!" Sauti ilitoka mpaka wa nje wakanyamaza. "Mwongo yeye, na wewe mwongo! Nilimwona kwa macho yangu haya..."

Lakini hapohapo mdomo wake ukamkumbusha. Siku ile alitema unga wa mbao mpaka jioni, ulikuwa umemjaa kwenye meno na chini ya ulimi. Aliyelala juu ya mwenzake, unga wa sakafuni unamwingiaje mdomoni? Hakuwahi kujiuliza. Alishika ukingo wa meza.

"Mke wangu anajua?"

"Mtaa mzima unajua, kaka. Watoto wanakatazwa kugonga makopo ukipita."

"Na mimi nilimnyooshea kidevu mbele ya wateja! Miaka yote! Watu wakamwona hamnazo, na yeye kanyamaza kimya, anapiga msasa! Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akanijibu, 'Mimi sina mke wala karakana, acha wanicheke mimi. Yeye wakimjua, nani atampa kazi?'" Dada alifuta macho kwa kola ya shati aliyokwisha kuinyoosha. "Usijali. Nitawaambia ni matakwa ya marehemu. Wewe hutatajwa."

Fundi aliondoka bila kuaga. Alipiga teke ndoo ya mtu uani wala hakuomba radhi. Aliwakasirikia wote: Kapteni kwa kusahau, mkewe kwa kujua, mtaa kwa huruma yake ya kichinichini. Zaidi ya wote alimkasirikia Mpole. Alirudi karakanani, akachagua mbao nzuri kuliko zote, zile alizomwekea mteja wa kabati, akaanza kuziranda huku akiitukana ile kona tupu.

"Mshenzi mkubwa wewe. Umenifanya mjinga. Nani alikutuma?"

Alilia na kuranda, kuranda na kulia, na mkewe alipoleta chai aliiacha mlangoni akarudi zake.

Siku ya maziko askari walijipanga kando ya kaburi na bunduki zao. Jeneza la Fundi lilikuwa juu ya vigogo viwili, kifuniko kimewekwa tu bila kukazwa, bendera juu yake. Kapteni alihutubia. Alisema ushujaa, akasema taifa, akasema deni lisilolipika, na hili la mwisho angalau lilikuwa kweli. Kisha akainua mkono kwa askari wake.

"Samahani, afande," alisema dada yake Mpole akisogea mbele, shela limemlegea kichwani. "Marehemu alisema hataki risasi."

Kapteni aliiangalia kamera kwanza, kisha akamwangalia yeye. "Mama, tunaelewa uchungu wako. Lakini marehemu alikuwa shujaa. Shujaa haogopi mlio wa bunduki. Tusimwaibishe mbele ya watu."

Dada alivuta shela lake, akarudi nyuma hatua moja. Nyuma kule mtu akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono ule wa kusikika makaburi mazima, "Si ndiye yule aliyekuwa anaogopa nyundo?" Mwenzake akaguna kwa kicheko.

Fundi alilisikia guno lile. Alikuwa amekuja na nia ya kufunga mdomo. Angeweza kabisa kuufunga, jina lake likabaki safi na kazi zake zikabaki, na kicheko kile kikateremshwa kaburini pamoja na mwenyewe. Miguu ilimpeleka mbele kabla hajamaliza kuwaza.

"Nani kacheka?" Aliwageukia waombolezaji. "Mpole hakuogopa kitu. Nendeni mkatazame paa la dada yake, kalipigilia mwenyewe. Anayeogopa nyundo ni mimi."

"Fundi, tafadhali," alisema Kapteni.

"Ni mimi! Huyu alinibebea, mkamcheka yeye. Mimi ndiye niliyeanguka. Na mkifyatua hizo bunduki nitaanguka tena, hapahapa. Nitakula udongo, pengine nitajikojolea. Mnaitaka picha hiyo? Haya, fyatueni!"

Mwenye kamera aliishusha kamera yake. Mke wa Fundi alikuja akasimama kando yake bila kumgusa.

"Na wewe," Fundi alimwambia Kapteni, sauti sasa imeshuka, "sababu ilikupasa uijue. Redio. Sanduku la Redio. Nilikuomba nifungue niangalie."

Kapteni alikunja uso kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Alitafuta, na ilionekana wazi kwamba hakupata kitu. Kisha akawapa askari ishara, wakaweka bunduki chini.

Fundi aliikunja bendera akampa dada. Akakiinua kifuniko, akakiweka kando. Mpole alikuwa amelala na shati lake lililonyooshwa, amenyolewa vizuri. Fundi alipiga magoti, akaweka kiganja chake kigumu juu ya kifua kile kilichokuwa kikikohoa miaka yote, akainama, akalaza sikio hapo. Akakaa hivyo. Watu walianza kutazamana, jua lilikuwa kali, na nyuma yao gari la jeshi lilikuwa tayari limewashwa.

"Fundi," Kapteni alisema, "muda unakwenda. Dereva anasubiri."

"Atasubiri," alisema Fundi bila kuinua kichwa.

Alipotosheka alirudisha kifuniko, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kukaza skrubu. Kila alipomaliza moja alisimama kidogo, akasikiliza, ndipo akashika nyingine.