Misuko ya Baba

Harufu ya mafuta ya mawese kichwani mwa binti yangu hunirudisha kwenye kambi ya jeshi ya Kamina, katikati ya magoti ya baba.

Treni ya kumpeleka vitani ilikuwa iondoke mchana, na asubuhi ile alitaka kunisuka mwenyewe. Nywele zangu zilikuwa zimefungamana. Alizipaka mawese, akazichambua kwa uma wake wa kijeshi, akianzia nchani, polepole.

“Minyi sijue kusuka muzuri,” alisema. “Weye usilie tu.”

Mistari ilipinda. Wiki zilipita, mama akataka kuifumua.

“Acha, mama. Papa njo atafumua, akirudi.”

Akaweka kitana chini. Tulimngoja mpaka nywele zikashikana kama sufi. Siku moja mama alichukua mkasi, akakata, akaifunga misuko ile ndani ya shati la baba.